Mwenye Dole Yuko Wapi

Wakili alikuwa anawanawisha watu vidole. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza nililoliona kwake, na ndilo linalonisimamisha mpaka leo hata kama nimeshika sufuria ya moto. Mtu akishachovya dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi, Wakili anainuka kwenye kiti chake, anachukua jagi la plastiki na beseni, anammwagia maji kwa mkono wake mwenyewe, anampa kipande cha sabuni, halafu taulo. Kama anavyonawishwa mgeni kabla ya wali. Mzee wa watu katoka zake Mbagala, kanzu imechoka, ananawishwa na wakili mwenye tai. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiwape karatasi wajifute kama wanavyofanya wenzake. Akasema mtu hashuki mtaani na kidole cheusi kama katoka kukamatwa.

Mimi nilikuwa chini ya ngazi za jengo lake, pale Mchafukoge, ukitoka Kariakoo hupumui mara mbili umefika. Vitumbua, chai ya tangawizi, maharage ya nazi. Shule nimeishia darasa la tatu na nalisema bila kuinamisha kichwa, maana kwa vitumbua hivyo nimesomesha mtoto mpaka chuo na nimeezeka nyumba upya. Jina langu naandika mwenyewe, na haya naandika mwenyewe, pole pole. Anayetaka herufi nzuri akasome gazeti.

Alizaliwa wapi, baba yake aliuza nini, sijui. Sikuuliza. Alikuwa Mhindi wa dini ya Kihindu, hali nyama, hali samaki, yai hataki hata kulisikia. Anakaa Upanga, anakuja kwa miguu na mwavuli, jua mwavuli, mvua mwavuli. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo tupu. Ukifumba macho ungedhani anayeongea ni fundi baiskeli. Aliyemzidi umri alimwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza shida yake, hata kama huyo mzee ni mbeba mizigo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kugonga muhuri. Mjini hapa watu wanadhani kugonga muhuri ni kugonga muhuri. Unaandikiwa karatasi yako steshenari, unampa mtu wa bodaboda, anapanda ngazi fulani, anashuka na karatasi ina muhuri wa wakili na sahihi kama nyoka aliyekanyagwa, na wewe mwenye karatasi uko dukani kwako unapima vitenge. Ndivyo tulivyozoea. Aliyempelekea Wakili huyu karatasi kwa bodaboda alirudishiwa ilivyo, na neno moja tu: mwenye dole yuko wapi? Kama mwenyewe anajua kuandika, basi mwenye sahihi yuko wapi? Fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake pale juu kwenye korido alilishika neno hilo likawa mzaha wa jengo zima. Mtu akituma mtoto kuchukua vitumbua kwangu, fundi anapiga kelele kutoka juu, mwenye tumbo yuko wapi?

Alinieleza siku moja, huku anakula kitumbua ambacho mke wake alikuwa amemkataza. Alisema watu wanamfikiria yeye ndiye anayesema karatasi ni ya kweli. Hapana. Mtu anaweza kuapa uongo, huo ni uongo wake na Mungu wake na mahakama. Yeye anachoshuhudia ni mtu. Kwamba fulani alikuja kwa miguu yake, au mimi nikaenda kwake kwa miguu yangu, nikaona uso wake na kitambulisho chake vinafanana, akajua kilichoandikwa, hakuna aliyemshika shati, akaweka mkono wake mimi nikitazama. Basi. Muhuri hausemi zaidi ya hapo. Lakini usiposema kweli hapo, alisema, hauna kazi, ni kizibo cha soda.

Vizibo vya soda alivijua vizuri maana ndivyo walivyochezea drafti na fundi, saa ya mchana. Na hapo utashangaa. Mtu huyu ambaye hakubali tarehe ya jana iandikwe leo, kwenye drafti alikuwa mwizi. Anakohoa, anaegemea meza, kizibo kimehama. Fundi anamwambia, Wakili, hiki kizibo kimefikaje huku? Yeye anasema hakuwepo, hawezi kushuhudia. Na sukari. Ana kisukari, mke wake anapiga simu kwa fundi kuuliza kama Wakili amepita kwangu. Wakili ananinong'oneza, mama, akiuliza, leo hujaniona. Nikamwambia panda kwanza unilishe kiapo cha kutokukuona. Alicheka mpaka akamwaga chai.

Tarehe nimeitaja. Alikuja kijana mmoja amevaa viatu vya ncha, anataka hati yake iandikwe ya mwezi uliopita, kuna kesi. Mlango wa Wakili ulikuwa wazi siku zote kwa sababu ya joto, sisi tunasikia. Wakili akamjibu kwa upole kabisa kwamba mwezi uliopita hawakuonana. Kijana akasema ni tarakimu tu, mzee. Wakili akasema ndiyo, na mimi mwezi uliopita nilikuwa mtu mwingine, nilikuwa na jino ambalo sasa sina. Kijana alishuka ngazi akitukana, nikamuuzia kitumbua cha moto sana makusudi.

Na yule baba aliyeleta mwanamke. Anauza nyumba ya Magomeni, na sheria inataka mke aridhie. Mwanamke kavaa baibui jipya, kitambulisho anacho, anaitika kila kitu. Wakili akamwomba baba atoke nje kidogo. Akamuuliza mwanamke, nyumba hii mnayouza, choo kiko upande gani, na bomba la maji linavuja wapi? Mwanamke akatazama mlango. Mke wa nyumba asijue bomba linavuja wapi? Alitoka mbio na baibui lake, kitambulisho kakiacha mezani, na siku chache baadaye tukamwona mke mwenyewe, mwembamba, analia kwenye ngazi zangu. Nilimpa chai. Hapo mimi nilikuwa namsifu Wakili kwa kila mteja. Nilisema huyu ndiye mtu. Ilikuwa rahisi kumsifu, maana mlango aliokuwa anaufunga haukuwa wangu.

Vitabu vyake vya viapo vilikuwa rafu ya juu. Msahafu umefungwa kitambaa cheupe, Biblia, na kitabu cha dini yake. Hakukushushia. Alikuambia nenda kanawe, ushushe mwenyewe kilicho chako. Alisema yeye hawezi kumkabidhi mtu Mungu wake. Na akimaliza kukusomea karatasi, kila nafasi iliyobaki wazi aliichora mstari, chini mpaka ukingoni. Panya wasiingie, alikuwa anasema. Anakusomea yote, hata kama una haraka, hata kama wewe ni profesa. Niliona watu wazito wamekaa kama watoto wa chekechea wanasomewa hati zao.

Basi. Nimeshamsifu vya kutosha, na najua kwa nini nasifu kwanza. Sasa dada yangu.

Dada na mimi tulikuwa na nyumba Kariakoo, ya zamani, vyumba mkabala, korido katikati, uani bomba na mnazi mmoja mkaidi. Ilikuwa yetu sote wawili, nusu kwa nusu. Yeye hakujaliwa mtoto. Mume alishakufa. Kaka yetu naye alikufa, akaacha wanawe huko Lindi. Dada alipopigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala, na Kiswahili kikaenda nao. Amini usiamini. Mtu aliyeuza khanga Mtaa wa Kongo miaka yote hiyo akawa anaongea Kimwera peke yake, Kimwera cha bibi yetu, hata maneno ambayo mimi nilishayasahau. Nikawa namwogesha, namgeuza, namlisha uji kwa kijiko. Simdai mtu shukrani. Nasema tu kwamba nilimwuguza mimi.

Na majirani wote wakawa wanauza. Kila ukiamka nyumba moja ya vigae imeshuka, kibao kimesimama, gorofa inapanda. Nikaona mbele yangu: Dada akifa, wana wa kaka watakuja na haki yao ya mirathi, watauza, nitawekwa barabarani na sufuria zangu. Ndiyo hofu iliyonishika. Mwanangu akasema kuna hati ya zawadi, Dada anaweza kumpa yeye nusu yake angali hai, na mambo yakaisha. Akamwomba rafiki yake aichape. Mimi nikaenda kununua pedi ya wino.

Kwetu mtu mkubwa humsumbui. Wakili magoti yalikuwa yanamuuma, joto la Desemba, barabara imechimbwa. Nikasema kwa nini nimtembeze mzee wa watu mpaka uani kwangu? Asubuhi Dada amelala nusu, nikachukua kile kidole chake cha mkono uliokufa, nikakichovya, nikakikandamiza kwenye karatasi pale palipoandikwa. Kilikuwa kizito kama si chake. Nikafunga karatasi kwenye mfuko, nikampelekea Wakili pamoja na vitumbua vya moto. Naapa nilidhani namfanyia heshima.

Alifungua. Aliangalia dole lile kwa muda. Vitumbua hakugusa.

"Dole hili nani aliliona likiwekwa?" aliniuliza.

Nikamwambia nimeliona mimi, mikono yangu hii. Akaniuliza nani anapewa nyumba. Nikasema mwanangu. Akachukua kalamu akachora mstari kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, polepole, kama mtu anayefunga nafasi ya panya, lakini safari hii karatasi nzima. Nilihisi ameichana nguo yangu. Halafu akaniuliza Dada anaongea lugha gani siku hizi. Nikamwambia, nikasema mimi nitatafsiri, nani atamjua kuliko mimi? Akatikisa kichwa. Mkalimani hawezi kuwa mwenye kupokea wala mama wa mwenye kupokea. Atakuja, alisema, lakini atamleta mtu wake.

Na alimleta. Alikwenda Feri, yeye ambaye harufu ya samaki inamgeuza tumbo. Fundi alimwona anaondoka na leso puani. Aliuliza wakaanga samaki mmoja mmoja mpaka akampata mama wa Kimwera, mtu wa Nachingwea, asiyetujua sisi wala ukoo wetu. Akampandisha ofisini kwanza, akamlisha kiapo kwamba atatafsiri kila neno kama lilivyo na hatatoa nje alichosikia. Fundi akamtania, Wakili, leo mchana ulikula kibua? Wakili akasema kibua nimekiapisha.

Walifika nyumbani alasiri. Alimwamkia Dada shikamoo, Dada akaitika kwa jicho moja. Halafu akaniambia nitoke. Mimi. Kwenye nyumba yangu, kwenye chumba ninachofagia mimi. Nikakaa kwenye ndoo karibu na bomba, mwanangu kasimama mlangoni kwa nje anatazama saa. Mlango ulifungwa. Sikusikia maneno. Nilichosikia ni Dada anacheka. Kicheko kile cha zamani, cha kukwaruza, ambacho sikukisikia tangu alipoanguka. Alicheka na mkaanga samaki wa Feri na Mhindi mwenye mwavuli, na mimi nimekaa kwenye ndoo.

Wakili alitoka na mkoba wake. Akasema, "Leo sitagonga muhuri, mama."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema amemuuliza, naye amejibu, na majibu ni ya mwenyewe. Mwanangu akauliza kama Dada hana akili timamu. Wakili akasema muhuri sitaugonga mimi, kama kuna wa kulaumiwa ni mimi. Nikamfuata yule mkaanga samaki mpaka kibarazani. Alifunga khanga yake kiunoni, akaniambia dada, mimi nimeapa, akaondoka bila hata kunywa maji.

Nikamtupia Wakili neno mbele ya mwanangu na mbele ya wapangaji. Nilimwambia, "Watoto wa kaka yangu wamekupa nini?"

Alifungua mwavuli akaenda zake.

Nilipoingia ndani nilimkuta Dada ametazama ukuta. Kidole chake kilikuwa safi, kimekauka, kinanukia sabuni. Asubuhi nilikiacha na wino. Niliweka dole, nikakunja karatasi, nikaondoka, sikukumbuka kumnawisha. Nilikiona hicho kidole na nikakikasirikia.

Mtaani kwetu neno halihitaji muhuri. Chini ya ngazi zangu kila asubuhi kulipita watu wa kutosha, na mimi sikuwanyima. Nilisema Wakili amekula kwa watu wa Lindi. Nilisema ndiyo maana anafunga mlango. Sikupiga kelele, niliwapa na chai. Wenye vibanda wakaanza kupeleka karatasi zao kwingine, mwenye duka la ndoo, mama wa genge, mmoja mmoja. Fundi aliniambia, bibi, punguza chumvi. Wakili alikuwa anapita pale pale, mama, habari za asubuhi. Namjibu nusu mdomo. Vitumbua hakuacha kuja kuvitazama, ila hakuagiza tena, na mimi sikumpa.

Dada alikufa kabla ya masika. Wana wa kaka wakaja kwa basi, wawili, wameshika mafurushi ya korosho. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Walimzika shangazi yao, wakakaa matanga yote, wakaniambia, shangazi, kaa kwenye nyumba, sisi tutachukua kodi ya vyumba vya mbele tu, inatutosha. Wakarudi Lindi. Hao ndio niliotaka kuwafungia nje kwa kidole cha mtu aliyelala.

Hapo ningepanda ngazi. Ni ngazi moja tu, na mimi niko chini yake. Sikupanda. Nilisema kesho, nikasema nikipata nafasi, nikasema na yeye alinidhalilisha. Miaka ikaenda. Mgongo ukakataa moto wa kuni, nikaacha biashara, nikakaa nyumbani nalelewa na mke wa mwanangu.

Mwaka huu sasa. Kile kile nilichokiogopa kimekuja, mjenzi wa magorofa anaitaka nyumba yetu, na safari hii waliokubali ni wote. Mwanangu amekubali, wana wa kaka wamekubali kwa simu, kila mtu atapata fleti yake, mimi nitapata chumba ghorofa ya sita na lifti. Wameshanionyesha picha. Kila nilipofungua mdomo niliambiwa Mama usiwe na wasiwasi, ni kusaini tu. Nikawa nasema haya. Nimesema haya mezani, nimesema haya mbele ya wageni, nimesema haya na kichwa kinauma. Mjenzi mwenyewe ndiye aliyetaka hati zipite kwa Wakili wangu wa zamani. Alisema muhuri wa mzee yule mahakamani hauulizwi mara mbili. Mwanangu alinitazama pembeni aliposikia hivyo. Mimi nikatazama ukuta.

Tulipanda ngazi zile, mwanangu kanishika mkono. Fundi bado yupo, miwani imekuwa minene kama tako la chupa. Wakili amezeeka, jamani. Amebaki shati na mifupa, anasoma kwa kioo cha kukuzia herufi. Jagi na beseni viko pale pale. Aliniamkia kama mtu mwingine yeyote, akachukua kitambulisho changu, akanitazama uso, akatazama picha, akanitazama tena. Halafu akawaomba mwanangu na mtu wa mjenzi watoke, akafunga mlango. Joto lote lile, akafunga.

Nilingoja aniseme. Hakunisema. Aliniuliza tuko mtaa gani, aliyenileta ni nani, leo nimekula nini. Ndiyo maswali yake kwa wazee, kupima kama mtu yupo nyumbani kichwani. Nikamwambia nimekula uji, mke wa mwanangu kasahau sukari na mimi sikumwambia. Akacheka. Akafuta macho kwa leso.

"Na dada yako uji ulimkera," alisema.

Nilihisi kiti kimesogea. Nikamuuliza alisema nini. Alifikiri kwanza. Akasema hilo atanipa, kwa sababu halihusu karatasi na alilisema kwa kucheka. Dada alisema uji ni mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, na kwamba mdogo wake anamlisha kama kifaranga. Mengine ni yake, mama, mengine sikupi.

Miezi yote ile. Niliufanya mwepesi ili asipaliwe. Asubuhi na jioni, kijiko, kitambaa, kijiko. Na yeye anaumeza na kunitazama. Nikasema mbona hakuniambia mimi? Kimwera nakijua. Ningeupika mzito siku ile ile.

"Mama," Wakili alisema, "kijiko ulikishika wewe."

Nje nilisikia cherehani ya fundi, na mwanangu anaongea na simu, anamwambia mtu dakika mbili tu. Kama neno la uji lilimshinda kuniambia, angenikatalia nyumba vipi? Angelisemea wapi, zaidi ya chumba ambacho mimi simo? Nilitaka kumwomba Wakili radhi. Lakini yeye alikuwa ameshachukua karatasi na kioo chake, akaanza kunisomea, yote, ukurasa kwa ukurasa, bomba, mnazi, mipaka, ghorofa ya sita. Akamaliza. Akaweka kalamu katikati yetu, si upande wangu, si upande wake.

"Unataka?" aliniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na akanyamaza baada ya kuuliza. Nikasema sitaki. Nikasikia sauti yangu, ndogo. Nikasema nataka kufa nimelala chini, karibu na bomba langu, wakishanizika wajenge hata mpaka mbinguni.

Hakuuliza kwa nini. Alifunika kalamu, akajikongoja mpaka mlangoni, akatoka, akaurudisha nyuma yake. Nikamsikia.

"Leo sitagonga muhuri."

Halafu mtu wa mjenzi akauliza kuna kasoro gani kwenye karatasi. Wakili akasema karatasi haina kasoro, muhuri sigongi mimi, lawama ni zangu. Na mwanangu, mwanangu niliyemsomesha kwa vitumbua, alisema kwa sauti ambayo ngazi nzima ilisikia, "Mzee, safari hii umepewa nini na nani?"

Maneno yangu. Nilimfundisha mimi, uani, siku ile.

Sijui niliinukaje. Magoti haya. Dada hakuweza kuinuka, upande mmoja ulikuwa umekufa, na ule mwingine ulikuwa unaniogopa. Mimi pande zote mbili ninazo. Nilifungua mlango, nikamwona Wakili kasimama katikati yao kashika mkoba kifuani.

"Mwache mzee wa watu," nilimwambia mwanangu. "Nimekataa mimi."

Akasema Mama, tumeshakubaliana. Nikamwambia nilikuwa naitikia, sikukubali. Halafu nikaongea kwa sauti ya sokoni, ile ya kuuzia vitumbua, ili fundi asikie na wenye ofisi zile nyingine wasikie na walio chini kwenye ngazi wasikie. Nikasema na ile siku ya Dada hakuna mtu aliyempa Wakili kitu. Dada ndiye aliyekataa. Niliyesema amehongwa ni mimi, na nilisema uongo, hapa hapa chini.

Cherehani ilisimama. Nikamgeukia Wakili, nikamuuliza mbele yao, si ndivyo? Dada alikataa?

Hakuitika, hakukana. Alisema yeye hajasema kitu. Akauliza kama kuna mtu ana nauli ya bajaji ya kunirudisha, mama amechoka.

Mwanangu hasemi nami vizuri mpaka leo, anaweka salamu mezani kama mtu anayeweka funguo. Atapoa, au hatapoa. Wakili nilimpelekea vitumbua wiki iliyofuata, nilivipika mwenyewe bila sukari, nikampandishia mwenyewe. Alikula viwili, akasema havina ladha kabisa, akala na cha tatu. Radhi nilimwomba. Akasema ameisikia tangu siku ile kwenye korido. Lakini yeye alikuwa wa pili. Wa kwanza siwezi kumpandia ngazi.

Uji najipikia mwenyewe siku hizi. Naupika mzito, kijiko kinasimama. Mke wa mwanangu anauliza bibi, unaupendea nini hivyo? Simwambii kwamba mimi nilikuwa naupenda mwepesi.